Namuria na Kiti cha Mwanafunzi

Kazi ya Namuria ni kuwafundisha watu wasiopenda kufundishwa. Watu hao ni wahadhiri wa chuo kikuu. Ukitaka kujua ugumu wa kazi hiyo, mwambie mtu mwenye digrii tatu kwamba hajui kufundisha, halafu usimame hapo hapo usikie atakavyokujibu. Namuria huwaambia kila muhula, tena akitabasamu, na mpaka leo hajapigwa.

Mimi ni Wasike, dereva wa kampasi ya Lodwar. Jina la chuo sitalitaja kwa sababu bado kinanilisha. Nilitoka Webuye miaka kumi na minne iliyopita nikisema Turkana nitakaa mwaka mmoja tu. Nikalizoea joto, nalo joto likanizoea. Kila baada ya wiki mbili naendesha gari la chuo kwenda Kakuma na kurudi, na humo garini nimesikia mengi, maana wahadhiri hudhani dereva hana masikio. Waache wadhani.

Kule Kakuma tuna kituo cha masomo: vyumba viwili, ua wenye paa la mabati, na tanki la maji. Wanafunzi wa diploma ya afya ya jamii ni mchanganyiko. Wamo Waturkana wa mji wa Kakuma na wachache wa Lodwar, na wamo wakimbizi wa kambi ya hapo Kakuma kutoka Sudan Kusini, Kongo, Somalia na Burundi. Mhadhiri yuko Lodwar, wanafunzi wengi wako Kakuma, na kati yao kuna mtandao. Cheo cha Namuria kwenye karatasi ni kirefu hata nimeshindwa kukikariri, lakini sisi humwita mwalimu wa walimu. Anawaonyesha wahadhiri namna ya kufundisha kwa mtandao hadi mtu aelewe.

Alizaliwa Nariokotome, ile misheni ya upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, ambako wageni huja kuuliza habari za mifupa ya kale na hawaulizi habari za walio hai. Baba yake alikuwa mlinzi wa misheni, mama yake alikuwa na mbuzi. Anasema ualimu aliuanza akiwa darasa la nne. Sista mmoja alikuwa akiwafundisha wamama kusoma, kwa Kiswahili cha kitabuni, na wamama waliitikia "ndiyo, ndiyo" bila kuambulia neno. Namuria alikuwa akiketi nyuma ya sista, akiwatafsiria kwa macho na mikono. Sista alipomfumania alimfukuza. Kesho yake wamama wakagoma kuingia darasani mpaka mtoto arudishwe, na mtoto akarudishwa.

Siku hizi anakaa Kanamkemer, na kila asubuhi bodaboda humleta kazini amekumbatia kompyuta yake. Ofisi yake ni ndogo. Kwenye kona kuna kiti cha plastiki cha buluu, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Hicho ndicho kiti cha mwanafunzi, na hakuna mhadhiri anayefungua somo lake kabla hajakikalia kwa saa nzima, akiwa mwanafunzi wa somo lake mwenyewe. Anapewa simu ya bei rahisi yenye kioo kilichopasuka, bando ya shilingi ishirini, na chaji nusu. Kuomba msaada hairuhusiwi. Namuria huketi mkabala naye, anakunywa chai, hasemi kitu.

Nilikuwepo siku ya Daktari Opondo. Alikuwa amejirekodi video ya saa mbili akifundisha habari za malaria, kavaa suti na tai, feni ikimpepea kwa nyuma. Akakaa, akabonyeza. Tukanywa chai ya kwanza. Tukanywa ya pili. Nikaenda kuosha gari, nikarudi, nikamkuta palepale anakitazama kioo. Bando ilikuwa imekwisha kabla hata hajamaliza kukohoa na kujitambulisha katika video yake.

"Hii simu ni mbovu," akasema.

"Ni kweli, Daktari," Namuria akamjibu. "Ndiyo simu yao."

Opondo aliufunga mlango kwa kishindo hata kalenda ikaanguka. Siku tatu baadaye alirudi na somo lile lile amelikatakata kuwa sauti fupi za dakika nane, kila moja ikianza na swali. Leo wanafunzi wake wanazisikiliza wakiwa kwenye foleni ya maji. Opondo anamwambia kila mtu kwamba wazo lilikuwa lake. Namuria hajawahi kumkosoa kwa hilo.

Wengine walilalamika kwamba wanafunzi wa mtandaoni ni mabubu. Namuria akawauliza, "Mnawasalimia?" Wakashangaa. Akawaambia kwamba kwa Waturkana mtu haingii nyumbani akaanza shughuli kabla ya salamu kwenda na kurudi, *ejoka*, *ejok nooi*, mbuzi wazima, watoto wazima, na kwamba wao wanaingia darasani kama polisi wa msako. Akawafundisha kutuma salamu ya sauti jioni kabla ya kipindi, na kuwataja watu kwa majina. Mabubu wakaanza kusema, tena mmoja alisema mpaka akaombwa anyamaze.

Lakini sheria yake kubwa aliiandika kwa kalamu nene juu ya kile kiti: KABLA YA KUWEKA SOMO, ULIZA MWANAFUNZI ATAKUWA WAPI SAA HIYO NA ATAKUWA ANAFANYA NINI. Aliirudia mikutanoni, akairudia garini, akamrudishia mtu kazi yake mara tatu kwa sababu ya sheria hiyo. Mimi dereva niliijua kwa moyo kama Baba Yetu.

Sasa tuje kwa Daktari Kamande. Huyu ni mtu wa takwimu, Mnyeri mrefu, shati limepigwa pasi hata siku za nyuzi joto arobaini. Si mtu mbaya. Akisahihisha karatasi leo, leo hiyo hiyo alama zimetoka. Alikaa kwenye kile kiti mara moja tu akapita, kwa kuwa mtihani wake ulikuwa mwepesi kwa simu, hauna picha wala madoido. Namuria alikuwa akimtolea mfano kwa wenzake, jambo lililowakera sana wenzake.

Jumatatu moja muhula uliopita, Namuria alipata ujumbe wa sauti kutoka Kakuma. Aliniwekea nisikie nilipokuwa namletea funguo. Alikuwa Nyaboth, msichana wa Sudan Kusini aliyelelewa kambini tangu ana miaka sita, mwanafunzi wa mwaka wa pili, na mmoja wa wale wanaosoma kwa ufadhili.

"Madam, mtihani ya Daktari Kamande nilianza vizuri. Network ikapotea kwa swali ya nne. Nimepata nane kwa mia. Nimeandikia Daktari, amekataa. Ijumaa jioni jina yangu inatolewa kwa list ya ufadhili. Madam, tafadhali."

Masharti ya wafadhili ni hayo: ukianguka somo moja, unatoka. Kwa mtu wa kambini, kutoka maana yake ni kutoka kabisa, kwa sababu hakuna mlango wa pili. Namuria hakumaliza chai yake. Akaenda moja kwa moja kwa Kamande.

Nilisikia kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na mimi nilikuwa natengeneza taa ya gari chini yake. Ilichukua muda mrefu kuliko taa inavyohitaji.

"Madam Namuria, sheria ni sheria," Kamande alisema. "Mtihani haufunguliwi tena isipokuwa kosa liwe la chuo, na aliyelifanya aliandike na kutia saini. Mtandao wa simu si kosa la chuo. Wenzake walipita kwa dakika arobaini hizo hizo."

"Wenzake wa Lodwar, Daktari."

"Hata Kakuma wapo waliopita. Ninazo alama hapa."

"Basi njoo ukae kwenye kiti."

"Nilishakaa."

"Ulikaa hapa, kwa simu yetu. Njoo ukakae Kakuma, kwa simu yake."

Kamande akafikiri kidogo. Mtu wa takwimu humwezi kwa machozi, lakini ukimwambia ushahidi, anavaa viatu. "Ushahidi siukatai," akasema. "Jumatano."

Jumatano alfajiri tukaondoka. Namuria alikaa mbele na mimi, amechangamka, amevaa shanga zake za sikukuu. Tuliposimama njiani ili Kamande ajisaidie, aliniinamia akaninong'oneza, "Mzee, leo utaona mtu akianguka mtihani aliotunga mwenyewe." Nilicheka. Na mimi nilitaka kuona, sitasema uongo.

Kituoni tulimkuta Nyaboth anangoja, ameshika simu yake kwa mikono miwili. Salamu zikaenda na kurudi. Kamande akaketi kwenye benchi chini ya mabati, tai shingoni, na wanafunzi wengine wakajipanga ukutani kama watu waliolipia kiingilio. Namuria akamfungulia nakala ya mtihani na kuanza kuhesabu dakika arobaini.

Kamande alimaliza kwa dakika ishirini na saba. Mtandao haukukatika hata mara moja. Alama zikaja: mia kwa mia.

Alimrudishia Nyaboth simu yake kwa heshima. "Simu yako ni nzuri," akasema, na hakuwa anadhihaki, ndipo ikaumiza zaidi. Namuria alikuwa ametoa macho kama mtu aliyekosea nyumba. Nilimhurumia, na Nyaboth nilimhurumia mara kumi, kwa sababu alikuwa ameanza kuuma midomo ili asilie mbele ya watu.

Mara Kamande, ambaye angeweza kusimama na kwenda zake garini, akabaki ameketi. Akakuna kidevu.

"Hebu niambie," alimuuliza Nyaboth. "Simu ni hii hii. Mahali ni hapa hapa. Siku ile ni nini kilikuwa tofauti?"

Nyaboth akamtazama kana kwamba anataniwa. "Si ilikuwa mgao, Daktari."

"Mgao gani?"

"Mgao ya chakula. Tarehe sita." Akaona hatujaelewa, akaendelea polepole. "Mimi ndio niko na kadi ya nyumba, sisi watu tisa. Nilikuwa kwa laini kutoka saa kumi na moja asubuhi. Mtihani ikafunguka saa nne nikiwa kwa laini. Nikafanya nimesimama, gunia iko hapa kwa kwapa. Siku ya mgao watu wote wameshika simu, wanangoja message, network inakufa. Kufika swali ya nne nikaitwa kwa dirisha kuweka kidole. Nikitoka kwa laini, nyumba inakaa mwezi bila unga."

"Na kwa nini hukuandika hivyo kwa barua yako?"

"Nilifikiri mnajua," Nyaboth akasema. "Hapa kila mtu anajua."

Wale wa ukutani wakaitikia kwa vichwa. Kamande akamgeukia Namuria. "Tarehe sikuchagua mimi. Nilipewa na ofisi. Ni nani hupanga tarehe za mitihani?"

Hapo nilitamani niwe chini ya gari na spana mkononi, kwa maana nilijua ni nani na nilijua ilivyokuwa. Tarehe hupangwa na Namuria. Hupenda siku ya mtihani awe mezani kwake, asiwe safarini, ili mhadhiri akikwama amsaidie. Kwa hiyo kila mwanzo wa muhula huniuliza, "Mzee, siku gani huna safari ya Kakuma?" Nami, huku natafuna mandazi, humjibu, "Tarehe sita siendi." Siendi kwa sababu siku ya mgao malori na watu hujaa, huna hata pa kuegesha gari. Hakuniuliza kwa nini, nami sikumwambia. Na kwa kuwa huenda Kakuma na gari langu tu, siku ya mgao hajawahi kuiona kwa macho yake. Hivyo ndivyo mwenye sheria ile ya ukutani alivyoiweka mitihani yote siku ambayo nusu ya wanafunzi wake wamesimama juani na magunia. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani wa pili.

"Nitaangalia kwenye faili, Daktari," Namuria akajibu.

Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo namna ile. Aliangalia chini, akaaga haraka haraka, na tukarudi Lodwar, kilomita mia na ishirini. Kamande alisinzia nyuma. Namuria alizivua shanga zake akazitia mkobani.

Lazima niseme alichokuwa anaogopa, kwa sababu si mwoga. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi ule ule, na kamati ilikuwa ikae wiki iliyofuata kuamua kama utaongezwa. Barua ya kukiri kosa, yenye saini yake, ingeingia kwenye faili lake na kuwa ya kwanza kusomwa. Na zaidi ya mkataba kulikuwa na aibu. Watu wote aliowakalisha kwenye kile kiti walikuwa wakimngoja ateleze. Kwa upande mwingine, bila barua hiyo, kosa lisingekuwa la chuo, mtihani usingefunguliwa, na Ijumaa jioni Nyaboth angebaki na gunia tu.

Alhamisi asubuhi nilimkuta ofisini ameketi kwenye kiti cha buluu. Chai yake ilikuwa imepoa, imeweka utando juu. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, basi nikasema.

"Madam, andika kwamba ni dereva. Mimi ndiye nilitaja tarehe sita. Mimi sina mkataba wa kuongezwa, mimi nazeekea hapa."

Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu jana yake. "Wewe uliulizwa siku ya gari, Mzee. Siku ya watu nilipaswa kuuliza mimi." Halafu akasema, "Jana niliona haya kuliko siku zote za maisha yangu. Si kwa sababu Daktari alipita. Ni kwa sababu niliulizwa nikasema faili."

Akainuka, akaandika barua. Ilikuwa fupi. Ilisema yeye Namuria alipanga mtihani siku ya mgao bila kuwauliza wanafunzi, na kwamba kosa ni la ofisi yake. Mchana kulikuwa na kikao cha wahadhiri, na badala ya kuipeleka kwa mlango wa nyuma alisimama akaisoma mbele ya wote.

Opondo akashindwa kuvumilia. "Kiti, Madam! Kiti!" Chumba kizima kikaangua kicheko, wengine wakagonga meza. Walikuwa wakimdai deni la miaka, waache walipwe. Namuria naye alicheka, akakubali, akaenda kukileta kile kiti yeye mwenyewe akakikalia katikati ya kikao, macho yamejaa maji. Mkuu wa kampasi, Madam Jelagat, hakucheka. Alisema barua itaingia kwenye faili na kamati itaiona. Kamati iliiona kweli, ikampa mwaka mmoja badala ya miwili, pamoja na onyo. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Asiyecheka mwingine alikuwa Kamande. Aliichukua barua, akaisoma tena, akatia saini yake chini. "Kosa ni la tarehe," akasema. "Halikumwangukia Nyaboth peke yake. Nipeni orodha."

Wakakaa wawili mbele ya kompyuta, nami nikasimama mlangoni nikijifanya nangoja maagizo. Kamande akatenga majina ya wanafunzi wa kambini wenye kadi za mgao. Kumi na wawili walikuwa na alama chini ya ishirini. Wenyeji wa mji wa Kakuma, wasiopanga foleni ile, ndio waliopita. Kati ya wale kumi na wawili, mmoja tu ndiye aliyelalamika.

"Niliona alama hizi," Kamande akasema. Alivua miwani. "Nikadhani hawakusoma."

Kisha akauliza jambo ambalo mimi nisingeuliza. "Na muhula wa kabla ya huu? Mtihani ulikuwa tarehe ngapi?"

Ulikuwa tarehe sita. Wanafunzi wanne wa kambini walipata sufuri kwa somo lile, na majina yao hayakuwepo tena chuoni. Namuria alifungua ripoti aliyotuma makao makuu mwishoni mwa muhula ule. Aliisoma kwa sauti, sijui kwa nini, labda kujiadhibu: wanafunzi wanne waliacha masomo kwa hiari yao. Aliiandika mwenyewe. Aliweka kichwa juu ya meza na Kamande, mtu yule wa pasi na kola ngumu, hakujua aweke wapi mikono yake.

Ijumaa asubuhi tulirudi Kakuma watatu. Saa nne mtihani ukafunguliwa. Watu kumi na wawili wakaketi chini ya mabati na simu zao, na Kamande akitembea katikati yao akiangalia saa. Nyaboth alipata themanini na moja. Tisa wengine wakapita, wawili wakaanguka, na hao wawili Kamande aliwaambia kosa la leo ni lao kweli, ila hata majina yao yakitoka kwenye orodha atawafundisha upya hadi wapite muhula ujao. Kabla ya jioni orodha ikatumwa na jina la Nyaboth limo. Alikuja akatushika mikono mmoja mmoja, akafika kwangu akasema, "Asante, Mzee wa gari." Nikainamia tairi kama naliangalia, maana yeye hakujua habari za mandazi.

Namuria hakuwepo wakati huo. Alikuwa nyuma ya tanki anapiga simu. Wale wanne wa muhula wa kabla alikuwa ameandika nambari zao kiganjani kwa kalamu. Ya kwanza ilikuwa imezimwa. Ya pili ilipokewa na mtu wa Kitale asiyemjua huyo anayeulizwa. Ya tatu ilipokewa na shangazi, akasema msichana alirudi Juba na ameolewa. Ya nne ilipokewa na kijana aitwaye Wal, na Wal alikuwa sokoni kambini, dakika kumi kutoka tulipokuwa.

Nikampeleka. Wal ana kibanda cha kuchaji simu, sola juu ya mabati, nyaya zimening'inia kila mahali. Ni kijana mrefu, mpole. Alipomwona Namuria alisimama akapangusa stuli kwa mkono wa shati.

"Madam! Umekuja kuchaji?"

"Nimekuja kukuona. Ejoka, Wal?"

"Ejok, Madam."

Akauliza habari za Lodwar, Namuria akauliza habari za mama yake na za biashara. Kisha Namuria akamwambia. Hakuzunguka. Alimwambia kuhusu tarehe sita, kwamba ni yeye aliyeichagua, kwamba hakuuliza, na kwamba ile sufuri haikuwa kosa la Wal.

Mteja akaja kuchukua simu yake, Wal akamrudishia, akapokea shilingi ishirini, akaketi tena.

"Mimi nilidhani ni kichwa yangu," akasema. "Nilijua siku ilikuwa mbaya. Lakini wengine walipita, hata hao wa hapa mjini. Nikasema basi, hesabu imenikataa." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Hata mdogo wangu alitaka kuandika jina mwaka huu. Nikamwambia asisumbuke. Nikamwambia sisi kwetu hatuna kichwa ya hesabu."

Namuria alikuwa ameshika ukingo wa meza ya Wal. Hakulia. Alikuwa na hasira, nami namjua, hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Alitoa daftari lake la tarehe akaliweka wazi mbele ya kijana pamoja na kalamu.

"Nafasi yako nitaipigania," akasema. "Siwezi kukuahidi ufadhili, lakini nitaupigania. Mtihani nauweka siku utakayosema wewe. Mdogo wako yuko wapi?"

Wal hakuigusa kalamu. Aligeuka akachungulia nyuma ya kibanda, ambako msichana wa kama miaka kumi na minane alikuwa akipanga betri kwenye kreti.

"Kuja hapa," akamwita. "Kuja usikie. Ile kitu nilikuambia juu ya kichwa yetu, nilikudanganya."